Kuhariri jeni: za mgonjwa au za kiinitete?

Jumapili nje ya kanisa letu hapa Kondele, Kisumu, mama mmoja alikuwa akimfunga mwanawe sweta juani. Mtoto ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi kwa jeni. Baridi kidogo tu, mifupa inaanza kuuma. Ubishi ukazuka: Mkristo akubali jeni ziguswe?

Inategemea ni jeni za nani. Njia ya kwanza hurekebisha seli za uboho za mgonjwa mwenyewe: zinatolewa, zinahaririwa kwa CRISPR, mbinu ya kukata na kubadilisha jeni, anarudishiwa. Uzao wake haurithi badiliko hilo. Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba hiyo mwaka 2023. Vatikani, katika waraka wa 2008, ilishasema tiba ya namna hii kimsingi ni halali. Anayelia kwamba tunaingilia kazi ya Mungu, basi na miwani aivue. Kinachonikera ni bei: Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Njia ya pili huhariri kiinitete, yaani mimba changa kabisa, na badiliko likarithiwa. Mwanasayansi He Jiankui alifanya hivyo China, habari ikavuja 2018, akafungwa miaka 3. Waraka uleule unaikataa kwa sasa, kwa kuwa madhara yanaweza kupita kwa uzao. Nami naikataa. Tena, anayerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imeenea huku ziwani. Tukiifuta, mbu tumewaambia nini?

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza: "Hizo dola ni shilingi ngapi?"