Debian 12 kwenye kompyuta ya mtumba: mipangilio kwa faili na amri

Haya watazamaji, karibuni. Leo tunaichambua Debian 12, mfumo endeshi wa aina ya Linux, ndani ya kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4, kama zile za kwenye steshenari za Ngamiani hapa Tanga. Menyu na madirisha nayaruka, utayazoea kwa siku moja. Tutazame mipangilio.

Mipangilio mingi ya mfumo ni faili za maandishi ndani ya /etc. Tuanze na fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mashine ikiwaka. Amri zinaandikwa kwenye terminal, na neno sudo huzipa mamlaka ya msimamizi. Kwanza chukua nakala: sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani. Kisha fungua: sudo nano /etc/fstab. Ctrl+O na Enter kuhifadhi, Ctrl+X kutoka. Nano ni kihariri chepesi, na amri zake zimeandikwa chini ya skrini, huna haja ya kukariri.

Sasa fstab yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Tuseme una diski ya nje ya kazi za wateja, yenye muundo wa ext4. Tengeneza folda, sudo mkdir /kazi, kisha soma UUID ya diski, yaani namba yake ya utambulisho, kwa sudo blkid. Usiandike jina la kifaa kama /dev/sdb1, maana ukichomeka flashi, jina hilo laweza kuhamia kifaa kingine. Mstari uwe hivi:

UUID=namba-yako /kazi ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2

Neno nofail ndilo la kukuokoa. Bila hilo, siku diski imechomolewa mashine itasubiri sekunde 90, halafu itakutupa kwenye skrini nyeusi ya dharura inayodai paswedi ya root, akaunti ya msimamizi mkuu. Na kama wakati wa kusakinisha uliacha paswedi ya root wazi, akaunti hiyo imefungwa: hapo huingii kwenye skrini hiyo; njia mojawapo ni kuwasha kwa flashi ya Debian na kurekebisha faili kutoka nje. Wateja wamepanga foleni wanataka fotokopi, wewe unatafuta flashi!

Kwa hiyo usizime mashine kabla ya kupima. Amri ya sudo findmnt --verify inakagua maandishi, sudo systemctl daemon-reload inayasomesha upya, sudo mount -a inaunganisha. Ikinyamaza, hakikisha kwa findmnt /kazi, maana nofail huficha kosa la diski isiyopatikana.

Grub, programu inayowasha mfumo, ni fupi. Ukipunguza GRUB_TIMEOUT (sekunde za kusubiri kwenye menyu yake) ndani ya /etc/default/grub, hakuna kitakachobadilika mpaka upige sudo update-grub, kwa sababu mashine ikiwaka husoma /boot/grub/grub.cfg, siyo faili ulilohariri.

RAM ikibana, andika vm.swappiness=10 ndani ya /etc/sysctl.d/99-ram.conf, kisha sudo sysctl --system. Namba hiyo huamua mfumo unavyopenda kuhamisha kumbukumbu kutoka RAM kwenda diski; kawaida ni 60. Usitegemee miujiza; itapunguza tu kukimbilia diski mapema. Faili hili unalinakili kwa flashi hadi mashine nyingine za dukani bila kubadili herufi. Fstab usiinakili hivyo, kila diski ina UUID yake.

Uamuzi wangu: inafaa duka lenye mtu mmoja anayezijua amri hizi. Mhudumu wa zamu mpe akaunti isiyo na sudo.