Kuku mzima kwenye chungu cha umeme: miezi saba yangu nacho hapa Lubumbashi

Nianze na plagi, maana ndiko balaa lilikoanzia. Chungu hiki baba watoto alikinunua Kasumbalesa, upande wa Zambia, anakopita na lori kila wiki. Kule wanatumia plagi za miguu mitatu bapa, kama za Uingereza. Kwetu ukuta una matundu ya duara. Nikanunua adapta ya bei ya peremende soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Siku ya tatu nikasikia harufu ya ndala inayoungua, kufika jikoni nakuta adapta imelegea ukutani kama mshumaa wa kesha. Fundi wa umeme wa mtaani alipoifungua alinionyesha vyuma vya ndani: vyembamba kama karatasi ya chokoleti, havishiki, vinapiga cheche. Akakata plagi yote, akafunga ya kwetu, na tangu siku hiyo sijasikia harufu tena. Kwa hiyo ukiletewa chungu cha namna hii kutoka ng'ambo, hesabu na pesa ya fundi.

Chenyewe ni kitu cha kawaida tu. Bakuli zito la kauri la lita tatu na nusu, linakaa ndani ya gamba la bati lenye waya wa joto pembeni, kifuniko cha kioo, na kitufe cha hatua tatu: moto mdogo, moto mkubwa, na kutunza joto. Chini wameandika wati 200. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alipokiona mara ya kwanza alikigonga kwa kucha, akauliza, "Hii njo nyungu ao njo nini?" Nilipomwambia kuku anakaa mle saa nane, alicheka mpaka akafunga kitenge upya.

Mimi nashona nyumbani, Katuba, na mwezi wa tano mpaka wa saba ndiyo miezi ya sare na nguo za harusi. Nikikaa kwenye cherehani siwezi kuinuka kila dakika kumi kupuliza makala, yaani mkaa. Hiyo ndiyo sababu iliyomfanya mwenzangu atoe dola 38. Nilitaka kuku mzima aingie asubuhi, jioni atoke, mimi katikati nisiwe na habari naye.

Kuku wa kwanza alikuwa kuku wa nyama, wale weupe wa wiki sita, kilo moja na nusu. Nilimpangia vitunguu vinne vilivyokatwa vipande vinene chini, ili asikae kwenye maji yake, nikampaka chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, pilipili moja nzima pembeni, ndimu tumboni. Maji sikutia. Moto mdogo, saa saba. Nilipofungua kioo mvuke ukanipiga usoni, harufu tamu kabisa, na kuku amekaa mle mweupe kama mtu aliyetoka kuoga. Ngozi imelegea, inateleza. Nikamshika paja nimtoe, paja likaja peke yake, na mfupa ukachomoka kwenye paja kama kijiti kwenye matope. Mtoto wangu wa pili akaniuliza kama kuku ana homa.

Watu wengi wanakosea kudhani chungu hiki kinaoka. Hakioki. Joto linatoka pembeni, polepole, mvuke unapanda, unagonga kioo, unarudi chini. Hakuna hewa kavu ya kukausha ngozi, kwa hiyo hakuna rangi ya kahawia wala mkwaruzo wa kutafuna. Na nyama ya kuku mchanga, ambayo kwenye sufuria ya kawaida inaiva ndani ya dakika arobaini, ukiilaza saa saba inakuwa pamba. Kidari kilikuwa kikavu ndani ya mchuzi wake mwenyewe, jambo ambalo sikujua linawezekana. Tulikula na bukari, ugali wetu, hakikubaki kitu, lakini njaa haihesabiki kama sifa.

Halafu kuna habari ya kugawa. Nyumbani kwetu kuku mzima ana ramani yake. Kidari kina mwenyewe, mapaja yana wenyewe, mgongo unajulikana unakwenda wapi, na firigisi hakuna anayethubutu. Kuku akisambaratika kwenye chungu ramani inafutika, unabaki kugawa kwa kijiko kama maharagi. Watoto walifurahi. Wakubwa hawakufurahi.

Nilikuwa nimeshakiweka juu ya kabati. Aliyekishusha ni kuku wa mayai.

Wafugaji wa pembeni ya mji, kuku wao wakichoka kutaga, wanawatoa wakiwa hai kwa bei nafuu. Ni kuku wakubwa, wana mafuta ya manjano, supu yake ni tamu kuliko ya kuku mwingine yeyote, ila nyama ni raba. Kwenye mbabula, jiko la makala, anakula makala ya siku nzima, unaongeza maji, unaonja, bado, unaongeza tena. Na makala sasa hivi si mchezo. Wale wanaume wanaosukuma baiskeli zenye magunia matatu kutoka porini wanatoka mbali zaidi kila mwaka, maana miti iliyokuwa karibu na mji imeshakatwa, na umbali huo sisi ndio tunaoulipia.

Nikamlaza kuku wa mayai mmoja saa tatu usiku, na vikombe viwili vya maji ya moto, kitunguu, jani la seleri, chumvi kidogo, moto mdogo, nikaenda kulala. Saa kumi na moja asubuhi nilishtushwa na harufu. Ngozi haikuwa na rangi, sawa, lakini nyama ilikuwa imekubali. Haikusambaratika kama ya yule mchanga. Imeshika mfupa, ila uma unaingia. Ile mishipa migumu na ngozi za kuunganisha misuli, ambazo kuku mzee anazo nyingi, zinahitaji saa nyingi za joto la taratibu ili ziyeyuke ziwe ute, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo chungu hiki kinaijua vizuri. Supu ilipopoa kwenye bakuli iliganda ikatetemeka.

Firigisi nilikuwa nimeitupia chini kabisa, chini ya mgongo. Nikampelekea baba yangu, ambaye amebakiwa na meno matatu na miaka hii anapewa firigisi kwa heshima tu, anaishika, anashukuru, halafu anamkabidhi mjukuu. Safari hii aliikata kwa kisu kidogo, akaweka kipande mdomoni, akanyamaza. Akakata kingine. Mjukuu alikuwa amesimama pale pale mkono wazi, akasubiri, akachoka, akaenda zake kucheza.

Sasa ubaya mkubwa, na huu sitaupamba. Chungu hiki kimetengenezwa kwa nchi ambayo umeme hauendi matembezi.

Mwezi wa kumi na moja niliweka kuku saa nne asubuhi, nikaenda mjini kununua nyuzi. Nimerudi saa kumi jioni, taa ya chungu imezimika. Watoto wakasema umeme uliondoka "tukiwa tunakula", na walikula saa sita. Nikagusa kauri: vuguvugu. Ndani nyama ya juu ilikuwa na rangi ya kuiva, karibu na mfupa bado waridi. Yaya akasema mchemshe tena, moto unaua kila kitu. Hapo tukagombana kidogo. Moto unaua vijidudu, ndiyo, lakini vingine vikishazaliana kwenye uvuguvugu vinaacha sumu yao, na sumu hiyo kuchemsha hakuiondoi. Kijitabu kilichokuja na chungu kinasema kuku lazima afike nyuzi 74 katikati ya nyama, na chakula kisikae muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60. Wangu alikaa humo saa nne. Nilimtupa. Kuku mzima, na vitunguu vyake. Mbwa wa jirani nao nikawafukuza.

Lakini umeme unaokatika angalau unaonekana. Unaodanganya ni ule dhaifu. Saa moja jioni mtaa wote ukiwasha pasi na majiko, balbu yangu inakuwa ya njano kama kiini cha yai, na taa ya chungu inaendelea kuwaka kana kwamba mambo ni shwari. Nilikuwa nikishangaa kwa nini kuku yule yule, uzito ule ule, siku moja anaiva kwa saa nane, siku nyingine saa kumi na mbili bado. Fundi alipima ukutani akakuta volti 160, wakati chungu kinataka 220. Nikafikiri imepungua robo tu. Akanicheka, akasema joto halipungui hivyo: volti ikishuka, na mkondo nao unashuka, hivyo unapunguza mara mbili. Ukipiga hesabu, kwenye volti 160 chungu kinatoa karibu nusu tu ya joto lake. Wati 200 zimekuwa kama 105. Hapo kuku hapikwi, anahifadhiwa kwenye uvuguvugu, na hilo ndilo jambo lile lile lililomfanya yule wa mwezi wa kumi na moja atupwe.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Naweka saa tatu au saa nne usiku, mtaa ukishazima pasi. Kwetu usiku wa manane ndio umeme unatulia. Maji yanaingia yakiwa yamechemka, si ya bomba. Saa ya kwanza naweka moto mkubwa ili kuku avuke haraka ule uvuguvugu, halafu narudisha mdogo. Kuku wa barafu simweki kabla hajayeyuka mpaka tumboni. Miezi ya baridi, wa sita na wa saba, jikoni panakuwa kama kisimani alfajiri, basi bakuli nalitoa mapema lizoee joto la nyumba. Na sifunui. Hiyo ilinichukua muda, sisi tumezoea kufunua na kuonja, lakini kila ukifunua mvuke wote unatoka na unaongeza kama nusu saa. Kioo kipo, chungulia.

Kuhusu ngozi, dawa nimeipata kwa mbabula ile ile niliyotaka kuikwepa. Asubuhi nikimtoa, namwacha apoe kidogo, maana akiwa wa moto sana anavunjika, nampangusa maji kwa kitambaa, nampaka mafuta na pilipili, dakika tano kila upande juu ya makala kiganja kimoja. Anapata rangi, anapata moshi, na kwa kuwa kuku wa mayai ameshika mfupa, ile ramani ya kugawa inarudi. Wageni waliomla Noeli hawakuniamini nilipowaambia alilala usiku mzima jikoni.

Umeme wenyewe haunitishi. Hata tuseme chungu kinakula wati zake zote 200 kwa saa nane, hiyo ni kilowati-saa moja na pointi sita. Jiko la sahani la wati 1000 linamaliza kiasi hicho ndani ya saa moja na dakika thelathini na sita.

Mambo mengine madogo. Lita tatu na nusu ni kidogo kwa kuku mkubwa. Niliwahi kuleta wa kilo mbili na ushei, kifuniko kikakaa juu ya magoti yake, nikalazimika kumkata, na hapo "kuku mzima" ikawa hadithi. Umbo la duara nalo halimfai, kuku si tikiti. Ukipata la yai, chukua hilo. Kamba ya umeme ni fupi kama mkia wa mbuzi. Kauri usiimwagie maji baridi ikiwa ya moto, itapasuka, na bakuli la kubadilisha sijaliona popote hapa mjini.

Na maharagi mekundu msiyatupie mle makavu kwa kuwa tu mmeona yanafanana na kazi ya kuku mzee. Yana sumu ya asili inayotaka kuchemka kwelikweli, na chungu hiki kwenye moto mdogo huenda kisifike huko. Utaamka na familia nzima inashika matumbo. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu kwenye sufuria dakika kumi na zaidi, ndipo yaingie.

Mimi nakipa nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ya baba. Kwa kuku wa nyama sikiwashi tena. Huyo sufuria inamtosha. Kwa kuku wa mayai kinafanya kazi kila Ijumaa usiku, isipokuwa balbu ikiwa ya njano. Yaya amekuja jana kukiazima, yule yule aliyekicheka. Nimemwambia alete kuku wake, chungu hakitoki, kwake volti ni mbovu kuliko kwangu.