Mashine ya kubebeka ya kuinua gari, baada ya miezi minane katika garaji ya Katindo

Tangu miezi minane iliyopita ninatumia, katika garaji yangu ndogo ya Katindo hapa Goma, mashine ya kubebeka ya kuinua gari kwa msukumo wa mafuta: fremu mbili za chuma zinazolazwa chini ya gari, pampu yenye mota ya volti 12, na mipira inayopeleka mafuta kwenye silinda. Imetengenezewa mzigo wa tani mbili na nusu. Niliinunua kwa sababu kushusha giaboksi huku gari limeegemea kriki na matofali ni kazi ambayo sitaki kuona kijana yeyote akiifanya tena.

Siku ya kwanza tuliweka RAV4 ya zamani. Fremu ya kulia ilipanda vizuri, ya kushoto ikasita, ikatetemeka, kisha ikaruka ghafla. Kijana ninayemfundisha kazi aliniita: "Papa, huku kushoto kunabaki nyuma!" Tulishusha gari papo hapo. Muuzaji, nilipompigia simu, alisema kwamba pampu imekufa na kwamba ninunue nyingine, jambo lililonisikitisha sana, kwa sababu hakuwa ameniuliza hata swali moja. Pampu ilikuwa nzima. Ndani ya silinda mlikuwa na hewa, na hewa hubanwa ilhali mafuta hayabanwi, kwa hiyo msukumo ulikuwa unaishia kwenye povu kabla ya kufika kwenye mzigo. Tuliondoa gari, tukapandisha na kushusha fremu tupu mara sita, tukalegeza kidogo skrubu ya kutolea hewa hadi lile povu jeupe lilipogeuka kuwa uzi mwembamba wa mafuta safi. Mafuta tuliyaongeza fremu zikiwa chini kabisa, maana ukijaza tangi zikiwa juu, yale yanayorudi kutoka kwenye silinda yatafurika. Yawe mafuta ya hidroliki au ya giaboksi ya otomatiki, kama kitabu cha mashine kinavyoruhusu. Mafuta ya breki huvimbisha mipira ya kuzibia, na hapo ndipo pampu hufa kweli.

Mota ikinguruma bila kuinua, chunguzeni betri na waya kwanza. Betri yangu ilionyesha volti 12.6 ikiwa imetulia, lakini ilianguka hadi 9 mara tu nilipobonyeza kitufe, na waya mwembamba niliokuwa nimeunga ulikuwa wa moto mkononi. Waya mnene na betri nzima vilimaliza shida hiyo.

Fremu zikikataa kushuka, mara nyingi ni vyuma vya kufuli, vile vinavyozuia fremu zisianguke, vingali vimeshika: pandisha kidogo, vifungue pande zote mbili, ndipo ushushe. Hakuna anayeingia chini ya gari kwangu kabla vyuma hivyo havijakaa mahali pake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vumbi. Katika mji ambao lava ya Nyiragongo ilipita katikati yake Januari 2002, na ambao barabara nyingi bado ni mawe meusi yaliyosagika, chembe zenye makali huingia kwenye viungio vya mipira kila vinapofunguliwa, na zikishafika kwenye silinda hukwaruza mipira ya kuzibia hadi mafuta yaanze kuvuja. Mimi hufuta viungio kwa kitambaa safi na kuvifunika kwa kofia zake hata nikivifungua kwa dakika mbili tu.

Kwa fundi mwenye sakafu ya zege iliyo sawa, naipendekeza bila kusita, ijapokuwa ilinigharimu zaidi ya dola elfu moja na kila fremu inahitaji watu wawili kuibeba. Wenzetu wa mitaa ya Ndosho na Mugunga, ambao wanafanyia kazi juu ya mawe, wasiinunue kabla ya kumwaga zege, kwa kuwa fremu ikiinama, gari linaweza kuteleza likiwa juu.