Ruger Super Redhawk .44 Magnum kwa kulungu wa Ohio: uzoefu wangu

Niseme mapema: rivolva hii haishindwi na kulungu. Kinachoshindwa ni mkono wa mpigaji, tena kwa umbali mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Kama unachotaka kujua ni inafika mita ngapi, jibu halimo kwenye boksi la risasi, limo kwenye sahani ya karatasi. Nitaifikia.

Ninayoizungumzia ni ya chuma kisichoshika kutu, mtutu wa inchi 7.5, risasi sita, kilo moja na nusu ikiwa tupu na bila darubini. Super Redhawk iliingia sokoni mwaka 1987 na umbo lake halijabadilika sana. Kwa sheria ya jimbo la Ohio, Marekani, bastola ya kuwindia kulungu iwe na mtutu usiopungua inchi 5, na risasi zake ziwe za ganda lililonyooka, lisilobanwa shingo kama chupa, kipenyo kuanzia inchi .357. Kwa hiyo .44 Magnum imo, .357 Magnum imo, ile ya milimita tisa haimo. Leseni ya uwindaji na kibali cha kulungu ni vitu viwili tofauti na vyote vinatakiwa. Anayekata leseni kwa mara ya kwanza kwa kawaida hupitia kozi ya uwindaji kwanza. Kanuni za msimu hupitiwa upya, basi soma kijitabu cha mwaka wako, usitegemee maneno ya dukani.

Sababu ya kuichagua hii badala ya nyingine ni fremu yake, yaani mwili wa chuma unaobeba sehemu nyingine zote. Rivolva nyingi hufungiwa darubini juu ya mtutu kwa reli na skrubu ndogo, na teke la .44, yaani ile nguvu ya bastola kurudi nyuma, halina huruma na skrubu. Hapa fremu imerefushwa kwenda mbele ikaukumbatia mtutu, na juu yake kuna vikato vya nusu mwezi ambamo ringi za darubini hukaa. Nguvu ya teke inaishia kwenye chuma kizima. Kuna namna ya kuzifunga lakini. Futa mafuta yote kwenye vikato, weka ringi, isukume mbele mpaka igote, ndipo ukaze. Bastola inaporudi nyuma, darubini hubaki ikitaka kwenda mbele. Ukiacha nafasi hata ya unywele, kila mlio utaisogeza. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, usimalize upande mmoja kwanza. Halafu chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye ringi. Mistari isipokutana tena, umejua kilichohama kabla hujaanza kulaumu risasi.

Darubini iwe ya bastola. Ya bunduki inataka jicho likae kama sentimita tisa tu nyuma ya kioo. Uishike karibu hivyo na teke litakupasua nyusi. Za bastola zimetengenezwa kutazamwa mkono ukiwa umenyooka. Mimi napenda ya kukuza mara mbili tu. Watu hununua za mara saba wakifikiri wataona vizuri, na kweli wanaona vizuri: wanaona mkono wao unavyotetemeka. Msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini unapoyumba mbavuni mwa mnyama, mtu huusubiri upite katikati halafu anavuta kifyatulio kwa pupa, na risasi inakwenda chini kushoto kama ni mtu wa mkono wa kulia. Kilengeo cha nukta nyekundu nacho ni kizuri msituni, alfajiri hasa, ila baridi ya Desemba inamaliza betri, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani unaopata joto la mwili.

Sasa risasi. Ya greni 240, yaani gramu 15.5, yenye tundu puani na koti lililofungamana vizuri na kiini, ndiyo ya kulungu. Hutoka mtutuni kwa karibu mita 410 kwa sekunde, na kwenye mita 90 hivi imeshuka hadi karibu 330. Nguvu yake ni kama jouli 1,300 ikitoka na 840 ikifika huko. Kwa kulungu mkia mweupe wa kilo 60 hadi 100 inatosha kabisa. Nyepesi za greni 180 zina kasi nzuri kwenye karatasi, lakini hufunguka mapema mno. Zikigonga bega huweza kusambaratika kabla ya kufika mapafuni. Nzito za greni 300, za madini magumu ya risasi yaliyoyeyushwa na kumiminwa, ni za dubu na nguruwe mwitu: hupenya huku na kutokea kule, zikaacha tundu jembamba na mnyama anakimbia mbali. Na wale wa bastola kubwa zaidi, za .454 Casull au .500 Magnum, sawa, lakini kulungu hahitaji, na mkono ukishajifunza kuogopa teke utafumba macho hata ukirudi kwenye bastola ndogo ya .22.

Sawazisha darubini kwa mita 50. Hapo, kwenye mita 100 risasi itakuwa imeanguka sentimita 12 hadi 15 chini ya msalaba, kutegemea risasi yenyewe na urefu wa ringi. Ukishamaliza kulenga kutoka mezani, ondoka mezani. Meza ni ya kupimia bastola, haikupimi wewe. Chukua sahani za karatasi za sentimita 15. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni pana zaidi ya hapo, kama sentimita 20, lakini ile ziada ni ya baridi, ya moyo kwenda mbio na ya koti zito. Kaa vile utakavyokaa porini, mgongo kwenye mti, viwiko magotini, au kwa fimbo za kuegemea. Piga risasi sita kwenye mita 25. Zote zikiingia, rudi nyuma mita kumi. Pale inapotoka moja tu nje ya sahani, mpaka wako ni mita kumi kabla ya hapo. Watu wengi wanaojua kulenga hukwama kati ya mita 40 na 60, na sioni aibu kwa hilo. Ukisimama bila kuegemea chochote, gawanya kwa mbili.

Namna ya kuegemea ina balaa lake. Mtutu ukilazwa juu ya tawi au ukingo wa mbao wa dungu, bastola huruka juu kabla risasi haijatoka na unapiga juu ya mgongo. Egemeza mikono, au weka kofia ya sufu chini ya fremu, mtutu uwe hewani. Halafu kuna ule mwanya kati ya silinda, ile ngoma izungukayo yenye risasi, na mtutu. Humo hutoka moto na vipande vidogo vya risasi kwa pembeni, vyenye uwezo wa kukata ngozi hadi nyama. Aliyezoea bunduki hupeleka mkono wa kushoto mbele bila kufikiri. Mikono yote miwili ibaki nyuma ya silinda, siku zote, na kamba ya dungu wala mkanda wa begi usipite hapo. Masikio nayo: mlio unazidi desibeli 160, na chini ya paa la kibanda cha kujifichia ni mbaya zaidi. Vizibo vya kielektroniki hukuruhusu kusikia majani yakikanyagwa na bado hukukinga mlio ukitoka.

Nyundo hurudishwa kwa dole gumba kabla ya kupiga, maana kuvuta kifyatulio kwa safari yake yote ndefu huyumbisha msalaba. Mlio wa chuma wa nyundo kulungu anausikia. Irudishe kichwa chake kikiwa nyuma ya shina. Akiondoka bila kupigwa, elekeza mtutu ardhini, ingiza gumba la kushoto kati ya nyundo na fremu, shikilia nyundo kwa gumba la kulia, vuta kifyatulio, na nyundo ikianza tu kusogea achia kifyatulio, kisha ishushe taratibu huku ukitoa gumba la kushoto. Glavu nene vua kabla ya hapo. Kupanda na kushuka dunguni ni silinda tupu na mkanda wa usalama mwilini, hilo halina mjadala.

Mpige akiwa amekupa ubavu, au amegeuka kidogo kukuacha. Fuata mstari wa nyuma ya mguu wa mbele, panda theluthi moja ya kifua kutoka chini. Usipige anayekutazama, wala wa kisogoni. Risasi ya bastola haina kasi ya bunduki ya kumwangusha papo hapo. Inaua kwa tundu na kuvuja damu, hivyo hata aliyepigwa mapafu yote mawili huweza kukimbia mita 50 hadi 100. Subiri nusu saa, kisha nenda aliposimama. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, mfuate. Damu nyeusi nyeusi ni ini, mpe saa kadhaa. Majimaji ya kijani yenye harufu ni utumbo. Ukimkimbilia sasa atainuka na kwenda kufia usikomjua. Anayetaka nyama ya halali apige bismillahi wakati wa kufyatua na awe na kisu kikali, maana mnyama akikutwa hai huchinjwa; ila mwendee kwa mgongoni, kwato zake ni hatari.

Matunzo ndiyo yanayowakera wengi, na makosa ni yale yale. Silinda ikigoma kufunga, tazama chini ya nyota ya kutolea maganda: punje chache za baruti isiyoungua zinatosha kuikwamisha. Toa maganda mtutu ukiangalia juu, baruti iangukie chini yenyewe. Ukifanya mazoezi na .44 Special, ambayo ni fupi na mpole, inaacha pete ya masizi ndani ya vyumba vya silinda. Isipopigwa brashi, ganda refu la Magnum linaingia kwa kulazimishwa na linatoka kwa kugongwa. Springi nyepesi za nyundo zinazouzwa ili kulainisha kifyatulio ziache kwa bastola ya kuwindia, fataki ngumu, vile viwashio vya nyuma ya ganda, hazitalipuka. Na kwa risasi za kujaza mwenyewe, piga tano halafu pima ile ya sita: ikiwa imetambaa nje ya ganda kwa teke la wenzake, mdomo wa ganda haukubanwa vya kutosha, na siku moja itatokeza mbele na kuizuia silinda isizunguke.

Bei ni zaidi ya dola elfu moja ikiwa mpya. Risasi za kuwindia zinapita dola moja na nusu kila moja, basi maganda usiyatupe. Mkoba wa kiunoni haufai kwa mtutu huu. Ukikaa unakuchoma mbavu na darubini inakwaruza kila tawi. Nunua wa kifuani, wenye kifuniko cha kukinga kioo cha darubini.