Usiku mmoja ndani ya kontena, Kigamboni

Mke wangu alipoona picha ya hoteli hii ya makontena alicheka: "Baba Nasra, yaani tulipe hela tukalale kama mitumba?" Tukavuka na pantoni Jumamosi, tukachukua bajaji.

Hoteli yenyewe ni makontena ya futi 20 yaliyopangwa mawili mawili, la juu limevutwa mbele likawa kivuli cha la chini. Yote yameachwa na kutu yake na namba zake za meli. Mlango ni ule ule wa vyuma vya kuzungusha, ila nyuma yake wameweka kioo kizima, ukiamka unatazamana na bahari. Hapo nawapa maksi zote.

Ndani upana haufiki mita mbili na nusu. Kitanda kimekula karibu chote, kwa hiyo mmoja akienda bafuni mwingine anapanda kitandani kumpisha. Saa nane mchana umeme ukakatika na jenereta halikuwashwa. Bati na jua la Dar mnalijua. Tukatoka, tukakaa chini ya mkungu hadi magharibi. Mvua ya usiku nayo ilipiga kama tuko ndani ya ngoma, lakini hiyo niliipenda.

Pweza wa nazi mtamu, chai ya maji maji.

Pemba kuna chumba cha hoteli ya Manta kinachoelea baharini, sehemu ya kulala iko chini ya maji, samaki wakikuchungulia dirishani. Bei yake siyo yetu. Hapa nitarudi, ila Julai, kwenye kipupwe.