Kituo cha kuonana na mzazi upande wa Katuba: miezi minne nikimpeleka mtoto

Mimi ni shangazi. Baba wa mtoto ni kaka yangu wa tumbo moja, ndiyo maana nimechelewa kuandika haya. Kama uko Lubumbashi na tribinali, yaani mahakama, imesema mtoto aonane na mzazi wake mbele ya mtu wa tatu, nisikilize.

Kituo ni nyumba ya vyumba vitatu ya matofali ya kuchoma, na mwembe uani. Walichokifanya vizuri kuliko vyote ni milango. Baba anaingia kwa geti la barabarani saa nne kasorobo. Sisi tunafika saa nne na robo, tunapita nyuma. Muda ukiisha tunatangulia kutoka, na yeye anazuiwa dakika ishirini. Aliyewahi kufuatwa mpaka kwenye teksi-basi anajua dakika hizo zina uzito gani.

Ndani kuna mkeka, meza ndogo, na mama mmoja amekaa pembeni na daftari. Siku ya kwanza mtoto, ambaye ana miaka sita, alikaa karibu na mlango. Viatu hakuvua, na mfuko wa plastiki wenye vitu vyake aliukumbatia kwa mikono miwili. Yule mama aliandika hayo hayo: saa, mahali alipokaa, mfuko. Hakuandika kwamba mtoto anamwogopa baba yake. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu: "Mama, jaji ndiye wa kuamua. Mimi naandika nilichoona." Mara ya tano mfuko ukawekwa chini, na hilo nalo likaandikwa.

Hukumu yetu ya kwanza ilisema tu kwamba baba atamwona mtoto kila Jumamosi. Wapi, mbele ya nani, nani wa kumrudisha, haikusema. Jumamosi ya tatu mtoto alirudi saa tatu usiku, shavu limevimba, na baba ananuka lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Avoka, yaani wakili wetu, alirudi tribinali ya watoto, ile iliyowekwa na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, na safari hii tukaomba kila kitu kiandikwe, mpaka tarehe ya kuiangalia hukumu upya. Nanyi ombeni hivyo tangu mwanzo.

Kaka yangu husema ananyimwa haki yake. Nilimsomea kifungu cha 9 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kongo imeuridhia. Haki ya kuonana mara kwa mara na wazazi wote wawili ni ya mtoto, isipokuwa pale kuonana huko kunapokwenda kinyume na masilahi yake. Alinyamaza. Hajaniita dada tangu siku hiyo, na inaniuma.

Ubaya wa kituo upo. Wanafungua Jumamosi asubuhi tu, na mvua ikinyesha mnasubiri chini ya upenu. Kikubwa zaidi, ripoti yetu ilichukua wiki tano kumfikia avoka, kesi ikaahirishwa, na kwa wiki zote hizo dada wa watu, mama wa mtoto, hakulala usingizi. Hilo lazima walirekebishe. Malipo hawadai, tuliwapelekea sabuni na unga kwa hiari yetu.

Jumamosi iliyopita mtoto aliniuliza kama mama wa daftari atakuwepo. Nikamwambia yupo. Akaenda kutafuta viatu vyake.