Kijiwe cha kahawa Mwanga, Kigoma: somo zuri la mchujo wa Marekani, ila ubao urekebishwe

Kahawa ni ya Kalinzi, chungu inavyotakiwa, shilingi 200 kikombe. Kashata wahi mapema, za mwisho huwa ngumu kama kokoto. Lakini kinachojaza mabenchi hapa ni somo la bure la mchujo wa urais wa Marekani, yaani jinsi vyama vya kule vinavyopata mgombea wao jimbo kwa jimbo, kwa ubao na chaki. Hata saa zinakubali: kokasi za jimbo la Iowa, yaani mikutano ya mtaani ya kuchagua mgombea wa chama, huanza saa 1 jioni kwao, ambayo Kigoma ni saa 10 alfajiri ya siku ya pili. Birika linapochemka, matokeo yanatakiwa yawe yameanza kuingia.

Sehemu bora ni igizo la kokasi ya chama cha Democratic kwa kanuni za 2020. Watu 30 wanachagua kitoweo, na kikao kinatoa wajumbe 5, yaani wawakilishi wa makundi kwenye vikao vya juu vya chama. Kila mtu anasimama kwenye kundi lake: migebuka 11, dagaa 9, kuhe 6, sangala 4. Kizingiti ni asilimia 15, yaani watu 4.5, na kwa kuwa nusu mtu hayupo, inakuwa 5. Sangala imeanguka. Hapo ndipo kelele zinapoanza: "Mzee wangu, sangala haipo tena, njoo huku kwa dagaa!" Wawili wakienda dagaa na wawili kuhe, hesabu inakuwa 11, 11 na 8. Zidisha kila kundi kwa 5, gawanya kwa 30, kadiria: wajumbe 2, 2 na 1. Migebuka iliyoongoza mwanzo imeishia sare. Ukishaliona hilo kwa macho, hushangai kwamba Iowa mwaka 2020 mgombea Bernie Sanders alipata watu wengi zaidi katika raundi zote mbili, lakini mpinzani wake Pete Buttigieg akampita kwa hesabu ya wajumbe wa jimbo.

Kasoro moja ya igizo: kwa kanuni hizo, ambaye kundi lake limekwisha kufikisha kizingiti raundi ya kwanza haruhusiwi kuhama. Hapa wanahama ovyo, na matokeo yanaharibika.

Kasoro kubwa iko ubaoni. Mwenye kijiwe anaandika asilimia za wagombea katika Iowa na New Hampshire, majimbo yaliyozoeleka kutangulia kupiga kura, kisha anawafuta walioshika nafasi ya nne kwenda chini, basi. Safu ya wajumbe haipo. Ingekuwepo, mtu angeona kwamba mwaka 2020 Iowa ilikuwa na wajumbe 41 na New Hampshire 24, kati ya 3,979 wa Democratic waliogombewa nchi nzima. Haifiki hata asilimia 2! Nguvu ya majimbo haya haitoki kwenye wajumbe. Inatoka kwenye kukata majina. Wa nne Iowa hapungukiwi wajumbe wa maana. Anakimbiwa na wachangiaji, kamera zinamhama, na hela ya kulipa watu wake majimbo ya mbele inakauka. Anajitoa mwenyewe. Wakigoma wanaujua mchezo huo kwa sura nyingine: mwaka 2015 CCM ilipokea fomu 38, Kamati Kuu ikabakiza majina 5, Halmashauri Kuu 3, Mkutano Mkuu 1. Tofauti ni kwamba kule wakataji ni wapigakura wa majimbo mawili madogo. Wachumi Brian Knight na Nathan Schiff walipochambua mchujo wa 2004 walikuta mpigakura wa mwanzo ana uzito hadi mara tano ya yule wa mwishoni.

Na kalamu hiyo ya kukata majina hukosea. Mwaka 2012, upande wa chama cha Republican, Mitt Romney alitangazwa mshindi wa Iowa kwa kura 8. Hesabu iliyohakikiwa ilimpa mpinzani wake Rick Santorum ushindi wa kura 34, lakini ilitoka wakati New Hampshire wameshapiga kura. Faida ya kuitwa mshindi ilikuwa imeshaliwa. Mwaka 2020 programu ya simu ya kutuma matokeo ya Iowa iligoma na usiku ule hakuna aliyetangazwa. Kwa utaratibu wa ubao huu, Biden, wa nne Iowa na wa tano New Hampshire, angefutwa. Alishinda South Carolina tarehe 29 Februari, na siku tatu baadaye akachukua majimbo 10 kati ya 14 ya Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura pamoja.

Mwaka 2024 haujagusiwa kabisa, na ni hasara, kwa sababu Democratic walijaribu kuihamisha foleni yenyewe ya majimbo wakaiweka South Carolina mbele. New Hampshire, ambayo sheria yake ya jimbo inataka mchujo wake utangulie, ikapiga kura tarehe 23 Januari hivyo hivyo. Jina la Biden halikuwa kwenye karatasi. Watu wakaliandika kwa mkono, akashinda.

Nyota tatu kati ya tano. Fika kabla igizo halijaanza, maana likishajaza watu 30 wengine hubaki watazamaji, na benchi la nyuma halioni ubao.